Fundi wa faiba na meza ya sera: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Shikamoo. Mimi ni fundi wa faiba, nina diploma ya mawasiliano kutoka Chuo cha Kiufundi cha Mombasa, na huu ni mwaka wa nne nafanyia kampuni moja ya intaneti hapa mjini. Mtandao ukikatika, lawama zinatuangukia sisi wa chini, ilhali maamuzi yamefanywa na watu ambao hawajawahi kuinama kwenye shimo la faiba. Nataka kuingia serikalini, upande wa sera za kuifanya mitandao iwe salama na ya kutegemewa. Kazi hiyo hasa ni nini? Nirudi chuoni nisomee sheria? Lazima nihamie Nairobi? Na mwenzangu ananicheka, ananiambia serikali ndiyo inayozima mitandao, sasa mimi nitakuwa nimekwenda kufanya nini huko?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalogusa mfuko wako: usirudi kusomea sheria, angalau si sasa. Ofisi zinazotunga sera za mawasiliano hazina upungufu wa mawakili. Wanaokosekana ni watu wanaojua mtandao unakufa vipi. Nimekaa kwenye vikao vya rasimu ambamo chumba kizima hakikuwa na mtu mmoja aliyewahi kushika mashine ya kuungia faiba, na bado tulikuwa tunaandika masharti ya muda wa matengenezo. Wewe ungetuuliza swali moja tu, kwamba fundi akifika penye hitilafu usiku na funguo za kibanda ziko kwa mlinzi wa kampuni nyingine inakuwaje, na rasimu nzima ingebadilika.

Kazi yenyewe, ukiivua majina makubwa, ni kujua mapema kitu gani kikikatika ni watu wa wapi watakaokosa mawasiliano, nani atakuwa wa kwanza kujua, na nani analazimika kufanya nini kabla hakijakatika. Ukishajua hayo, unayaandika kwa namna ambayo mtu wa zamu anaweza kuyafuata na hakimu akayaelewa. Yaliyobaki ni mikutano, barua na subira. Subira nyingi sana.

Nikupe mfano wa hapa nyumbani. Hadi 2009 Kenya ilikuwa inategemea setilaiti kuifikia dunia, na bei tuliyolipa wazee wako wanaikumbuka. Juni mwaka huo Rais Kibaki alizindua waya wa intaneti wa chini ya bahari uitwao TEAMS hapa Mombasa, takriban kilomita 5,000 hadi Fujairah kule Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi, mwaka 2010 ikaja EASSy, 2012 ikafuata LION2, kisha DARE1 ya kutoka Djibouti na PEACE. Ukihesabu majina tu utasema sasa tumeshiba, hata mmoja ukikatika iko mingine.

Sasa tazama Februari 2012. Katikati ya mwezi nyaya tatu zilikatika kwenye Bahari ya Shamu, EASSy ikiwamo, na mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki yakahamishiwa TEAMS. Haikupita hata wiki mbili, meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandarini Mombasa ikatia nanga mahali palipokatazwa, na nanga ile ikaikata TEAMS yenyewe. Kenya na majirani zake wakarudi kwenye mwendo wa konokono kwa muda wa wiki kadhaa.

Ningependa ujiulize, kabla hujasoma mbele: nani angeweza kuizuia nanga ile? Kampuni ya simu haikuweza. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayotoa leseni za mitandao, haina chombo baharini wala haiamuru nahodha. Anayejua meli gani iko nje na imetia nanga wapi ni mkuu wa bandari. Sheria za usafiri wa baharini ziko chini ya KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa. Doria ni ya walinzi wa pwani. Hifadhi ya bahari kuanzia Nyali kwenda Bamburi iko chini ya Shirika la Wanyamapori. Ruhusa ya mazingira ya kulaza waya inatoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ruhusa ya kuchimba barabara kutoka ufukweni hadi kituo cha kupokelea waya inapita kwa kaunti. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri kwa vipimo vyake, na waya unakatika hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyeandikiwa kwamba akiona meli inapunguza mwendo juu ya njia ya waya, ampigie nani, kwa nambari ipi, na huyo aliyepigiwa ana mamlaka gani ya kuiambia meli ing'oe nanga.

Hapo ndipo mtu wa sera anapoingia. Kazi yake ni kwenda ofisi hadi ofisi, akikaribishwa na akifukuziwa mlangoni, mpaka ile nambari ya simu iandikwe na ofisi zote ziitie saini. Si kazi ya kuonekana kwenye televisheni. Ikifanikiwa hakuna kinachotokea, na bajeti ijayo utaulizwa kwa nini pesa zitolewe kwa jambo lisilotokea. Nakwambia hili mapema ili usije ukavunjika moyo ukifika.

Duniani kote nyaya za baharini hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na sehemu kubwa, kama asilimia 70 hadi 80, husababishwa na nanga na uvuvi. Papa na majasusi wanaosimuliwa sana ni sehemu ndogo mno. Kwa hiyo ukipewa pesa chache za kulinda waya wa Mombasa, uzitumie kwanza kwa manahodha na wavuvi. Na kuna jambo ambalo natamani kila kikundi cha usimamizi wa ufuo, kuanzia Nyali hadi Mtwapa, kingelijua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 115, unazitaka nchi ziweke sheria ya kumlipa mwenye chombo aliyeitoa sadaka nanga yake, wavu wake au zana nyingine ya uvuvi ili asiuharibu waya. Anayelipa ni mwenye waya, mradi mvuvi alikuwa amechukua tahadhari zake kabla. Kanuni hii ni kongwe, ilikuwamo tayari kwenye mkataba wa Paris wa 1884, miaka michache tu kabla ya waya wa telegrafu kutoka Unguja kufika Mombasa.

Fikiria maana yake baharini. Mvuvi amenasa. Akivuta kwa nguvu ataokoa wavu, na huenda akaumiza waya unaobeba benki, hospitali na vyuo vya nchi nne. Akikata kamba waya umepona, lakini yeye amerudi mikono mitupu na deni la wavu. Sheria ya kimataifa inasema alipwe. Je, atadai wapi? Kwa fomu gani? Ushahidi gani utakubalika kutoka kwa mtu asiye na risiti ya wavu? Ukiweza kuandika utaratibu wa ukurasa mmoja unaojibu hayo, kwa Kiswahili kinachosomeka bandani kwa wavuvi, utakuwa umeilinda intaneti ya Kenya kuliko makongamano mengi ninayoyajua. Sitanii hata kidogo. Nimeomba jambo hili kwa muda mrefu na bado naliomba.

Tukitoka baharini, kuna kosa ambalo wewe kama fundi utaliona haraka kuliko mimi. Watu wanachanganya wingi wa nyaya na utofauti wa njia. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, kaskazini mwa Durban. Ni nyaya mbili za kampuni mbili, lakini zimelala karibu karibu. Intaneti ikadorora kutoka Afrika Kusini hadi hapa kwetu, na ikabidi kungoja meli ya matengenezo, Léon Thévenin, itoke Cape Town. Miezi mitatu nyuma yake, Februari, meli ya Rubymar iliyopigwa kombora na Wahouthi iliachwa ikielea Bahari ya Shamu huku ikiburura nanga, na nyaya tatu zikakatika huko. Kampuni iliyokuwa imenunua nafasi ya kupitisha data kwenye njia moja ya kusini na moja ya kaskazini ilipumua. Iliyonunua mbili za upande mmoja ilikuwa imelipa mara mbili kwa hatari ile ile.

Na nchi kavu ni vivyo hivyo. Mombasa ni kisiwa. Faiba ya kwenda bara lazima ivuke mahali, na pa kuvukia si pengi: Nyali, Makupa, na vivuko vichache vingine. Ukishatoka Changamwe, barabara kuu, reli na njia ya umeme mkubwa vyote vinaelekea Mariakani na Voi kwa ushoroba ule ule. Kampuni inamwambia mteja wake mkubwa kwamba ina njia mbili, na ni kweli kwenye karatasi, lakini wewe ambaye umeshuka kwenye mashimo unajua kwamba zile njia mbili zinakutana kwenye bomba moja chini ya daraja moja. Trekta la mkandarasi wa barabara halisomi karatasi. Ndiyo maana sera nzuri ya uthabiti huanza na kudai taarifa kabla ya kudai matengenezo: kila mwenye leseni aweke kwa mdhibiti, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ramani ya njia zake, kwa siri, ili awepo mtu mmoja nchini anayeweza kuziweka pamoja juu ya meza na kuona zinapokutana. Kampuni hazipendi. Zinahofia mshindani atajua, na hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo ni lazima uandike pia nani anaruhusiwa kuiona ramani, inahifadhiwa wapi, na anayeivujisha atafanywa nini. Ramani hiyo ikiibwa ni zawadi kwa mhalifu.

Sasa nikuonyeshe uandishi wenyewe, kwa sababu ndiyo kazi utakayoifanya siku nyingi kuliko zote. Rasimu ya kwanza ya kanuni karibu kila mara huja na sentensi kama hii: "Kila mwenye leseni atachukua hatua zinazofaa kuhakikisha uthabiti wa mtandao wake." Inasikika vizuri, na haimlazimishi mtu yeyote kufanya chochote. Zinazofaa kwa kipimo cha nani? Uthabiti ni kiasi gani? Wakili wa kampuni ataipenda sana sentensi hiyo.

Ijaribu hivi, na nambari nilizoweka ni za mfano tu: "Huduma ikikatika kwa zaidi ya dakika 30 kwa wateja 10,000 au zaidi, au kwa hospitali, kituo cha polisi au kituo cha kupokea simu za dharura hata kimoja, mwenye leseni atampigia simu ofisa wa zamu wa Mamlaka ndani ya saa moja tangu kengele ya kwanza kuonekana kwenye chumba chake cha uangalizi. Ndani ya saa 24 ataandika eneo lililoathirika, chanzo kinachodhaniwa na muda anaotarajia kumaliza. Ndani ya siku 14 ataleta ripoti kamili."

Itazame polepole. Hospitali imetajwa peke yake kwa sababu ukihesabu wateja tu, kituo cha afya cha kijijini Kwale hakitafikisha idadi maisha yake yote. Simu imetangulia maandishi kwa sababu saa ya kwanza fundi anatafuta hitilafu, na ukimtaka aandike ripoti utamwondoa kwenye kazi iliyo muhimu. "Tangu kengele ya kwanza kuonekana" ndiyo maneno yatakayopiganiwa wiki nzima. Kampuni itasema saa ianze pale hitilafu itakapothibitishwa, na wewe unajua, maana umefanya zamu, kwamba uthibitisho unaweza kucheleweshwa kadiri meneja anavyotaka. Sisi tutasema kengele. Wao watasema kengele nyingine ni za uongo, na wako sahihi, zipo. Basi unaandika kwamba kengele ya uongo ikitajwa ndani ya saa moja haihesabiki. Halafu lazima ulinde jambo moja zaidi: ile simu ya kwanza isitumike kama ushahidi wa kumtoza faini aliyepiga. Ukimwadhibu mtu kwa kusema ukweli mapema, mara ya pili atakupigia akishamaliza kutengeneza, na wakati huo hutahitaji tena simu yake.

Upande wa pili, nani anapokea simu hiyo usiku wa manane? Kama Mamlaka haina ofisa wa zamu, kanuni imekufa kabla haijachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Mwenye kuandika sharti kwa wengine aandike pia wajibu wa ofisi yake. Hilo wengi hulisahau, na kwangu ndilo linalotenganisha sera na tangazo.

Umeme nitaupitia haraka, ingawa unaangusha minara mingi kuliko mhalifu yeyote. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikosa umeme kwa saa nyingi, na kila mnara ukabaki na betri zake na jenereta yake, kama dizeli haikuibwa. Swali la sera hapo ni mnara upi unastahili betri za saa ngapi na nani alipe. Mnara wa Tudor, ambao jirani yake yuko hatua chache, hauhitaji sawa na ule ulio peke yake kwenye barabara ya Lunga Lunga.

Kuhusu mashambulizi ya mitandaoni, utakutana na takwimu za kutisha. Ripoti za kitaifa huhesabu vitisho vilivyogunduliwa kwa mamilioni, na siku hizi hata kwa mabilioni katika robo moja ya mwaka. Zisikupumbaze. Kila mlango uliobishwa na programu ya kiotomatiki huhesabiwa, na hesabu hiyo haikwambii ni mlango gani ulifunguka. Tukio la kulisoma kwa makini ni lile la Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipofurikwa na maombi bandia hadi watu wakashindwa kupata huduma, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Serikali ilisema data haikuibwa. Sawa, lakini mtu aliyekuwa amesimama kwenye dirisha la pasipoti hakujali kama data imeibwa au la. Tulikuwa tumehamishia huduma za umma zaidi ya 5,000 kwenye mlango mmoja, na mlango ukazibwa. Aliyeandika sera ya kuzileta pamoja alipaswa kuandika pia zitatolewaje pale mlango unapozibwa: fomu gani ya karatasi, nani mwenye mamlaka ya kuipokea, kwa siku ngapi itakubalika.

Liko pia jambo ambalo wanasiasa hawaliulizi na wewe unaweza kulijibu leo. Rauta za dunia, yaani mashine zinazotangaziana njia za kupitishia data, huaminiana. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilikusudia kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, tangazo lake la njia likavuja nje, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa muda wa saa mbili hivi. Hakuna aliyevunja mlango. Tiba ipo: anwani za mtandao kusainiwa kidijitali kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani hizo Afrika, na kila kampuni kukataa matangazo ya njia yasiyolingana na saini. Nenda kazini kesho umuulize mwenzako wa rauta kama kampuni yenu imesaini zake na kama inakataa za uongo. Jibu lake, lolote liwe, ni mwanzo wa karatasi yako ya kwanza ya sera.

Nimelifikia la mwenzako, na sitalikwepa. Ana hoja. Tarehe 24 Juni 2024, maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha yakiwa yamepamba moto, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake intaneti ikadorora vibaya nchini na kwa majirani, na kampuni zikataja hitilafu kwenye nyaya za baharini. Wananchi wengi hawakuamini, na mpaka leo hawaamini. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri za muda za kuzuia kuzimwa au kubanwa kwa intaneti huku kesi ya mashirika ya kiraia ikiendelea.

Msimamo wangu ni huu, na nimeusema ndani ya ofisi pia, ambako kuusema kuna gharama. Mtandao uliozimwa kwa amri na mtandao uliokatwa na nanga ni sawa kwa mama mjamzito anayetafuta gari la wagonjwa Likoni. Mtu anayejiita mlinzi wa uthabiti wa mitandao hawezi kuhesabu kukatika kwa nanga na kufumbia macho kukatika kwa barua ya amri. Tena kuna madhara ya kitaalamu: wananchi wakishaacha kuamini maelezo ya hitilafu, siku waya utakapokatika kweli hutasikilizwa, na utahitaji kusikilizwa. Dawa ni taarifa za hitilafu zinazotolewa kwa umma kila mara, kwa utaratibu ule ule, siku za amani na siku za maandamano, zikiwa na saa, mahali na waya uliohusika, ili mtu wa nje aweze kuzilinganisha na vipimo vyake mwenyewe.

Wala kukata mtandao kwa uamuzi wa ofisi si jambo la jana. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine isilazimike kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti wa wakati ule akaamuru kituo kifungwe. Ilichukua zaidi ya mwaka wa kubishana hadi kilipofunguliwa tena mapema 2002. Waliokifungua upya walikuwa mafundi na wenye kampuni ndogo waliojifunza kuieleza serikali, kwa maandishi na kwa lugha ya sheria, kwamba kituo kile hakikuvunja leseni ya mtu. Leo KIXP iko Mombasa pia. Ukimsikia mtu anasema mafundi hawawezi sera, msimulie habari hiyo.

Basi ujifunze nini? Kusoma sheria, ambako hakuhitaji shahada. Anza na Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 na mabadiliko yake, uisome ukiwa na kalamu, ukitafuta neno "shall", yaani "atafanya", na neno "may", yaani "anaweza kufanya", kwa sababu mamlaka yote yamejificha kati ya hayo mawili. Kisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, ambayo ndiyo mama wa kamati ya kitaifa ya kuratibu mambo ya uhalifu wa mitandaoni, inayoitwa NC4, pamoja na kanuni zake za 2024 kuhusu miundombinu muhimu ya habari. Ukiisoma hiyo, fuatilia pia ilivyofika mahakamani: Mei 2018 vifungu 26 vilisimamishwa kabla havijaanza kazi, na vilikaa hivyo hadi Februari 2020. Kifungu kilichoandikwa kwa upana mno kinaweza kukwamisha sheria nzima. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa kuwa ripoti yoyote ya hitilafu ina habari za watu ndani yake.

Jifunze pia kuandika kurasa mbili. Waziri hasomi ishirini. Kurasa mbili zenye tatizo, ushahidi, maneno unayopendekeza yaingie kwenye kanuni, na gharama yake. Mafundi wengi wanaanguka kwenye hilo la mwisho; wanajua kinachotakiwa kufanywa, lakini hawakuuliza bei.

Njia ya kuingia ipo wazi hata kabla hujaajiriwa. Katiba inataka umma ushirikishwe, na kifungu cha 118 kinalibana Bunge kwa jambo hilo. Kila kanuni ya mawasiliano inapotungwa rasimu hutolewa ili watu watoe maoni, na nakuhakikishia kwamba maoni mengi yanayofika ni ya kampuni kubwa na mashirika ya Nairobi. Barua ya fundi wa Kisauni inayosema kifungu fulani hakitekelezeki kwa sababu hii na ile, na maneno mbadala haya hapa, itasomwa. Nimeshaona barua za aina hiyo zikibadilisha kanuni. Jiunge pia na mijadala ya KICTANet, jukwaa la wadau wa sera za teknolojia ya habari, ambalo huendesha shule ya utawala wa intaneti hapa nchini. Utakutana na watu wa Mamlaka, wizara na kampuni wakibishana uso kwa uso, na huko ndiko majina hufahamika. Nafasi zenyewe hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma na mashirika husika, na ukiziangalia vizuri utaona za kiufundi zinazokubali diploma pamoja na uzoefu. Ingia kwa mlango wa ufundi, ukaguzi wa ubora wa huduma kwa mfano, kisha uelekee sera ukiwa ndani. Shahada utaisoma jioni, mwajiri akiwa amekujua.

Lazima Nairobi? Wizara iko huko, na baada ya miaka kadhaa huenda ukaitwa. Lakini kwa hili la nyaya na bahari, Nairobi ndiyo iliyo mbali. Mkuu wa bandari yuko hapa, KMA iko hapa, vituo vya kupokelea waya viko hapa, wavuvi wako hapa, na Mamlaka ya Mawasiliano ina ofisi yake ya kanda mjini. Mtu anayeweza kupanda matatu asubuhi akaonana na mkuu wa bandari, akala mchana na wenyekiti wa vikundi vya ufuo, na jioni akaandika alichosikia kwa lugha ya kanuni, hajapatikana bado. Nenda kwa ofisi ya kanda wiki hii, uulize rasimu gani zinasubiri maoni na mwisho wake lini. Ukishaandika kurasa zako mbili nitumie nizisome kabla hujazipeleka, nitazipitia neno kwa neno.